Haizimi, Inazimia

Asubuhi ya siku ya mwisho ya usajili wa mtihani, mama alimkuta binti yake jikoni amesimama na kikombe mkononi, chai imeshafanya utando juu.

"Mwanangu, unakunywa au unaitazama?"

"Nakunywa, Mama."

"Mimi sijaona chai ikinywewa kwa macho." Mama alivuta kigoda, akaketi akikanda goti lake. "Ni kile kidude cha ofisini bado?"

"Bado. Jana kimezimia mara kumi na tisa."

Hakuna aliyemfundisha kulitumia neno hilo kwa mashine. Lilimtoka tu, kwa sababu nyumba ile ilikuwa imelizoea. Ujanani mama yake alikuwa na maradhi ya kuzimia: anafua, anaongea, mara kimya, yuko chini, baada ya dakika mbili anafumbua macho na kuuliza nani kamwaga maji. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo hujifunza kusikiliza. Hata akicheza nje, sikio moja hulibakiza ndani. Maradhi yenyewe yalikwisha zamani, lakini binti alikuwa sasa na miaka arobaini na minane, na lile sikio hakuwahi kulirudisha.

Shuleni walimwita Bi Muhuri. Alikuwa katibu wa shule ile kwa miaka ishirini na miwili, na muhuri wa shule aliutunza katika kifuko cha kitambaa alichokishona mwenyewe, akakivaa shingoni ndani ya gauni kama wengine wavaavyo mkufu. Wakuu wa shule watano walikuwa wamepita, kila mmoja akaacha picha yake ukutani. Yeye hakuwa na picha. Alikuwa na funguo. Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba kati ya stoo ya madaftari na ofisi ya Mkuu: meza moja, viti viwili, kabati la chuma ambalo mlango wake haukufunguka mpaka upigwe teke mahali anapopajua yeye peke yake, na dirisha la kutazama uwanja. Mezani, kompyuta. Kasha lake lilisimama upande wa kushoto, limebanwa kati ya ukuta na rundo la mafaili.

Ndani ya kasha hilo, na si penginepo, ndimo ilimokuwa programu ya usajili. Ofisi ya mitihani ilifunga programu hiyo katika kompyuta moja tu kwa kila shule, ili watu wasicheze na majina. Mwanafunzi mmojammoja huingizwa: namba yake ya shule, jina, tarehe ya kuzaliwa, masomo, picha. Wakishatimia, orodha nzima hutumwa kwa mpigo mmoja. Mwisho ulikuwa leo, saa kumi kamili alasiri. Ikifika saa kumi mfumo unajifunga, na asiyekuwemo hayumo. Watahiniwa walikuwa sitini na mmoja. Hadi jana jioni alikuwa ameingiza thelathini na saba.

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa hesabu tu. Kwa Bi Muhuri kulikuwa na msichana.

Miaka mitatu nyuma, jina moja liliruka. Hakuna aliyejua liliruka vipi. Karatasi mbili zilishikana, labda, au mtu aligonga hodi wakati mbaya. Siku ya mtihani msichana alikuja amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, mkononi penseli mbili zilizochongwa pande zote, na msimamizi akatazama orodha yake, akatazama tena, akamwambia asimame pembeni. Alisimama pembeni mpaka wenzake walipotoka. Baba yake hakutaka kusikia habari ya kurudia mwaka. Sasa msichana yule alipiga pasi nguo za watu katika duka la dobi kwenye kona, na kila Bi Muhuri alipopita aliinua uso kwenye mvuke na kusema, "Shikamoo, Bi," kwa sauti njema kabisa, bila kinyongo. Angetukana, ingekuwa nafuu. Bi Muhuri alianza kupita njia ya nyuma, yenye matope.

Leo alifika ofisini saa mbili kasorobo, akaketi, akawasha. Kompyuta iliamka taratibu, ikatoa mlio wake. Aliingiza mwanafunzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa tano alipokuwa katikati, skrini ikawa nyeusi. Feni ya ndani ikashusha pumzi. Kisha, bila mtu kuigusa, ikaanza kujiwasha upya, kama mtu anayeuliza nani kamwaga maji.

Alichukua kalamu, akafungua jalada la nyuma la daftari la mahudhurio, akaandika saa. Alikuwa akifanya hivyo tangu ilipozimia mara ya kwanza. Hakujua kwa nini anaandika. Aliandika kwa sababu mtu anayeandika anahisi kama ameshika kitu.

Mara ya pili ilikaa dakika kumi na moja. Mara ya tatu, saba. Kujiwasha kwenyewe kulichukua dakika tatu, kufungua programu moja na nusu. Kila iliporudi aliuliza lile swali moja: je, yule wa mwisho alihifadhiwa au hakuhifadhiwa? Alipokuwa na shaka, alimwingiza upya.

Mkuu alichungulia mlangoni. Alikuwa mnene, mpole, mwenye kitambaa cha jasho begani wakati wote.

"Bi Muhuri, tumefika wapi?"

"Arobaini na wanne, Mkuu. Na fundi?"

"Yuko njiani."

"Tangu juzi yuko njiani. Hiyo njia inaanzia nchi gani?"

Mkuu alicheka peke yake, akarudi kwenye feni yake ya mezani.

Fundi alifika saa saba na robo. Watu walimwita Fundi Redio kwa sababu ndiko alikoanzia, enzi za redio za mbao, na ingawa kwa miaka kumi na mitano hakuwa amegusa redio, jina lilikataa kuhama. Alikuwa na bisibisi nne katika mfuko wa shati na kijiti cha meno mdomoni ambacho hakikutumika kwa meno.

"Haya dada, mgonjwa anasemaje?"

"Inazimia."

"Inazima."

"Haizimi, fundi. Inazimia."

"Inamzimia nani? Mwalimu Mkuu?" Alicheka mpaka kijiti kikacheza. "Maana mimi nilipokuwa kijana ndivyo nilivyomwambia mke wangu. Nakuzimia, mtoto wewe! Na akaniamini, maskini."

Bi Muhuri hakucheka. "Hamsini wameingia. Wamebaki kumi na mmoja. Mwisho saa kumi."

Fundi alimtazama usoni, akaacha mzaha nusu.

Alianza ukutani. Alichomoa waya kwenye soketi, akaujaribu kwenye soketi ya stoo kwa waya mrefu wa kuazima. Kompyuta iliwaka, ikakaa dakika sita, ikazima. Akafungua ubavu wa kasha, akachomoa vile vibao viwili vyembamba vya kumbukumbu, akavitazama juani kama mtu anayekagua noti.

"Nipe kifutio."

"Kifutio?"

"Cha penseli. Hapa shuleni, dada, si mko na vifutio?"

Alivisugua vile vibao kwenye ncha zake za rangi ya dhahabu, akapuliza vumbi la mpira, akavirudisha mpaka vikalia tak. Ikakaa dakika tano. Akachomoa kimoja, akaacha kingine, nne. Akabadilisha, nne na nusu. Akatoa kwenye begi lake kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, kizee lakini kizima, akakifunga badala ya kile cha zamani. Bi Muhuri alisimama nyuma yake na saa ya mkononi.

Skrini ikawa nyeusi.

"Hm," alisema Fundi Redio. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Kijiti kilihama upande. "Sasa hapa tunaanza kuheshimiana."

"Una maana gani?"

"Nina maana sijui."

Hakuwahi kumsikia fundi yeyote akisema neno hilo. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, daftari la mahudhurio mapajani. Fundi aliliona limefunguka nyuma.

"Hiyo nini?"

"Saa zake. Inapowaka, inapozimia."

Alilichukua. Akasoma akifuata kwa kidole cheusi cha grisi, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuacha kutafuna.

"Leo asubuhi dakika ishirini na tatu. Kisha kumi na moja. Kisha saba, tano. Halafu hapa saa sita, mbona imerudi ishirini?"

"Niliizima nikaenda kula. Nilikaa kama dakika hamsini."

"Na jana vilevile. Na juzi." Alifunga daftari. "Ugonjwa wa waya hauna adabu hii, dada. Ugonjwa wa waya unakuja unapotaka. Huyu akipumzika anapata nguvu, akifanya kazi anaishiwa. Lete mkono."

Aliuchukua mkono wake kama mtoto anavyoshikwa mkono barabarani, akauweka juu ya kasha. Lilikuwa la moto kama pasi iliyochomolewa sasa hivi.

"Wewe ulisema tangu mlangoni," alisema Fundi. "Mimi nikaleta utani. Inazimia. Joto linapanda mpaka inaogopa kuungua, inajiangusha yenyewe. Pumzi haitoki." Akalivuta kasha kutoka ukutani, akaligeuza mgongo.

Mgongo wote ulikuwa umefungwa kwa selotepu ya kahawia, ile ya kufungia makatoni. Haikuwa kazi ya mtoto. Vipande vilikatwa kwa mkasi, vikapangwa sambamba, tabaka mbili, kingo zikasuguliwa kwa ukucha zisinyanyuke. Kila tundu lilizibwa. Kila mahali palipokuwa na waya, selotepu ilikatwa kwa umbo la waya.

"Nani kafanya hivi?"

Bi Muhuri aliona chumba kikirudi nyuma.

"Mimi."

Mwaka uliopita, mjusi aliingia katika kompyuta ya zamani kwa tundu la nyuma. Ulisikika mlio mmoja, ukaja moshi mwembamba, na walipoifungua walimkuta amelala bapa juu ya vyuma, amekauka, mikono imefunguliwa. Kompyuta ile haikuwaka tena. Hii ilipokuja, Mkuu alimkabidhi kwa barua: *utakitunza kifaa hiki ipasavyo.* Na wiki tatu zilizopita, siku usajili ulipofunguliwa, alimwona mjusi juu ya dirisha, anamtazama, anameza mate. Jioni hiyo alinunua selotepu kwa pesa yake.

"Wiki tatu," alisema Fundi alipomaliza kumsikiliza. "Na ilianza kuzimia lini?"

Bi Muhuri alilitazama lile daftari. Tarehe ilikuwa ndani ya daftari, kwa mwandiko wake.

Alikuwa ameiziba pumzi kwa mikono yake miwili, kisha akaketi mbele yake siku baada ya siku akiiombea isife. Kuna watu hawajui kupenda kitu bila kukifunika. Binti yake alimwambia hivyo alipokuwa anahama nyumbani, na Bi Muhuri alilia siku mbili akidhani ametukanwa.

"Dada, utalia baadaye," alisema Fundi, tayari anabandua. Selotepu ilitoka kwa sauti ya nguo inayochanika. Ndani, feni ndogo ilikuwa imevaa vumbi nene kama blanketi. Aliling'oa kwa brashi, akapuliza mpaka akakohoa. Kisha akagusa kwa kucha chini ya feni, akaguna. "Hapa kati panakuwa na dawa nyeupe ya kupitisha joto. Imepikwa mpaka imekuwa chaki."

"Unayo nyingine?"

"Iko dukani mjini. Kwenda na kurudi ni saa nzima."

Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro dakika tano.

Bi Muhuri aliinuka. Aliingia kwa Mkuu bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mkuu yeyote kati ya wote sita, akachomoa feni ya mezani na kuikumbatia.

"Bi Muhuri! Hiyo ni…"

"Ya shule, Mkuu. Nitaisainia."

Waliiweka mbele ya kasha lililo wazi, mbavu zote nje, upepo ukipuliza moja kwa moja kwenye vyuma. Fundi alipiga magoti sakafuni, kiganja juu ya kasha kama daktari juu ya paji la uso. "Washa. Fanya haraka, lakini usiiharakishe yenyewe."

Aliwasha. Akaanza. Hamsini na mmoja. Hamsini na wawili. Vidole vilijua kazi. Ilikuwa shingo tu iliyokakamaa. Dakika kumi zilipita. Dakika kumi na tano. Kila baada ya mwanafunzi mmoja aliuliza bila kugeuka, "Vipi?" na Fundi alijibu, "Vuguvugu." Dakika thelathini. Mkuu alikuwa amekuja kusimama nyuma, jasho linamtiririka, kitambaa kimelowa, hathubutu kuuliza habari ya feni.

Saa kumi kasoro dakika kumi na nne alimwingiza wa mwisho. Chini ya skrini pakaandikwa: *Watahiniwa walioingizwa: 61.*

"Alhamdulillahi," alisema Mkuu. "Tuma."

Mkono wa Bi Muhuri ulikuwa juu ya kipanya. Haukubonyeza.

"Tuma, mama! Sitini na mmoja, si imesema yenyewe?"

"Imesema sitini na mmoja. Haikusema nani."

"Bi Muhuri, watu husema haraka haraka haina baraka, lakini leo haraka ndiyo baraka yenyewe!"

"Dada," alisema Fundi kutoka sakafuni, sauti imeshuka, "imeanza kupanda. Ukitaka kutuma, tuma ikiwa hai."

Alielewa wote wawili wako sawa. Ikizimia sasa, kuamka ni dakika nne na nusu, na ikiamka na joto haitakaa. Wanafunzi sitini au zaidi walikuwa juu ya kiganja cha Fundi. Ni mtu gani angewahatarisha wote kwa ajili ya mmoja ambaye huenda hata hakupotea? Lakini sikio lake, lile lililobaki ndani, lilikuwa limesikia kitu. Alivuta orodha ya darasa, akachukua kalamu nyekundu, akageuza skrini upande wa sakafuni.

"Nisomee namba, fundi. Za shule. Upesi."

"Mia tatu tisini na moja," alianza Fundi, mkono juu ya kasha. "Tisini na mbili. Tisini na nne."

Kalamu ilipiga vema, vema, vema. Mkuu alitazama saa na kuguna kila nusu dakika, kama mtu mwenye jino.

"Mia nne kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na saba. Kumi na…"

"Ngoja. Umerudia."

"Sijarudia. Imeandikwa mara mbili."

Mia nne kumi na saba alikuwa ameingizwa mara mbili. Asubuhi moja ya mashaka, skrini nyeusi, *alihifadhiwa au hakuhifadhiwa?* Naye aliyemfuata, mia nne kumi na nane, hakuwemo. Mmoja kazidi, mmoja kapungua, na hesabu ikatimia. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kupotea bila kuacha hata nafasi tupu.

Mkuu alikaa chini kwenye kiti cha wageni.

"Maliza," alisema Bi Muhuri. Fundi alisoma mpaka mwisho. Hapakuwa na mwingine.

Alifuta pacha. Akafungua ukurasa mtupu. Namba. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Masomo, moja moja. Alitafuta picha: msichana aliyekuwa akicheka kila anapopigwa picha, wakampiga mara tatu, mara ya tatu ndipo akatulia, midomo imebanwa kwa nguvu. Skrini ilicheza mstari mmoja kutoka juu hadi chini.

"Joto, dada."

"Najua."

"Joto sana."

Alihifadhi. Akahesabu moja mpaka tano, kwa sauti, mpaka maandishi ya kuhifadhiwa yakatokea. Akabonyeza kutuma. Mstari wa kijani ulianza kutambaa, robo, nusu, ukasimama. Ukatambaa tena. Saa kumi kasoro dakika mbili: *Imepokelewa.* Mashine ya kuchapa ikaamka, ikatoa stakabadhi kurasa mbili, na ukurasa wa pili ulipodondoka, skrini ikawa nyeusi.

"Mwache alale," alisema Fundi Redio, akainuka akishika kiuno. "Kesho nitamletea dawa."

Bi Muhuri alisoma stakabadhi namba moja moja, akaigonga muhuri, akaifungia kabatini. Kisha akatoka nje.

Uwanjani wanafunzi walikuwa wakifagia. Mmoja alimjia mbio na ufagio begani, blauzi imechomoka nyuma. Midomo ile ile ya kwenye picha, sasa haijabanwa.

"Shikamoo, Bi Muhuri! Ile picha yangu mbaya ulifuta?"

"Marahaba. Nilifuta."

"Ukaweka ile ya mwisho?"

"Nikaweka."

"Bi, naogopa huo mtihani, acha tu. Hesabu haziingii kabisa." Alicheka akijifuta vumbi puani. "Natamani hata ungenisahau kwenye orodha."

Bi Muhuri alimsogelea. Akamgeuza yule msichana kwa bega, akamchomekea blauzi kwa mikono yake mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mwanafunzi yeyote, akavuta kitambaa pande zote mpaka kikanyooka.

"Weka ufagio," alisema. "Nenda kasome."

"Sasa hivi, Bi? Bado hatujamaliza kule nyuma."

"Nitafagia mimi. Nenda."